Wakati Kumetulia, Inakula Kiasi Gani?

Hii ni hotuba kuhusu umeme unaoliwa na optokapla na aisoleta za dijitali, vipande vinavyopitisha habari kati ya saketi mbili zisizounganishwa kwa waya. Niliitoa Jumamosi mbele ya mafundi wa elektroniki na sola wa Kigoma Ujiji, pamoja na wanafunzi waliokuja kutusikiliza. Wenzetu kadhaa walikuwa kazini Kasulu na Uvinza wakaomba maandishi. Nimeiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hesabu zinasomeka bila picha.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu wa kazi, mafundi wenzangu, na ninyi vijana wa chuo mliokaa kule nyuma: habari za asubuhi.

Jana usiku nilikuwa Kibirizi, ufukweni. Mwezi haukuwepo, na mnajua giza la mwezi maana yake nini kwa watu wa ziwa: mitumbwi yote ilikuwa majini. Zamani zile zilikuwa karabai za mafuta ya taa, leo nyingi ni taa za LED zenye betri, lakini kazi ni ileile. Taa inawaka usiku kucha kwa sababu taa ndiyo inayomwita dagaa. Ukiizima, umerudi nyumbani na nyavu tupu.

Sasa tazameni jambo moja. Mvuvi huyohuyo akitaka kumwambia mwenzake wa mtumbwi wa pili asogee, hawashi taa nyingine ikawaka mpaka alfajiri. Anachukua tochi, anamulika mara mbili, anazima. Ujumbe umefika. Betri ya tochi itamtosha miezi.

Swali langu kwenu leo ni hili. Ndani ya bodi tunazozitengeneza, optokapla inafanya kazi ya karabai, au kazi ya tochi?

Kwa vijana ambao hamjaizoea: optokapla ni ile IC ndogo, yaani chipu, mara nyingi ya miguu minne, ambayo fundi yeyote wa chaja amekutana nayo. PC817 ndiyo maarufu kuliko zote. Ndani yake kuna taa ndogo ya LED upande mmoja, na transista inayohisi mwanga upande wa pili. Kati yao hakuna waya. Taa ikiwaka, transista inafunguka, inapitisha mkondo. Taa ikizimika, transista inafunga. Habari inavuka kwa mwanga tu, na kile kilichoko upande wa umeme mkubwa hakiwezi kuvuka kuja kuua upande wa umeme mdogo. PC817 imetengenezwa kuhimili volti 5,000 kati ya pande zake mbili. Ndiyo maana tunaiamini, na ndiyo maana imedumu tangu miaka ya 1960 teknolojia hii ilipoanza.

Lakini ni taa. Na taa inakula.

Nitawapa hesabu, na naomba wenye kalamu waandike. Una volti 12. LED ya ndani inachukua volti 1.2. Umeweka resista ya kilo-omu 1 ya kupunguza mkondo, kama wengi wetu tulivyofundishwa. Kumi na mbili toa moja nukta mbili ni 10.8, gawanya kwa elfu moja, unapata miliampea 10.8. Zidisha kwa volti 12: miliwati 130. Sasa niulizeni, LED yenyewe imepata ngapi katika hizo 130? Miliwati 13 tu. Nyingine zote, sehemu tisa katika kumi, zimekwenda kuipasha moto resista. Mnazijua zile bodi za volti 24 zinazoletwa kutengenezwa, ambazo chini ya resista bodi imegeuka rangi ya kahawia, na mistari ya rangi kwenye resista imefifia mpaka huwezi kuisoma? Hiyo ni robo wati, kwa mkondo uleule wa miliampea 10 hivi, inawaka pale mchana na usiku, kwa sababu ya kusema neno moja: "Nipo."

Nije kwenye kisima.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza bodi ya kuendesha pampu ya sola kwa kijiji kimoja upande wa Buhigwe. Pampu ilikuwa na paneli zake kubwa. Bodi ya kontrola ilikuwa na paneli yake ndogo na betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile ya asidi inayouzwa kila duka la vifaa vya kengele. Niliweka njia sita za kuingilia: floti (swichi inayoelea) ya juu ya tangi, floti ya chini, swichi ya presha, na nyingine tatu. Zote nilizipitisha kwenye optokapla, maana waya za floti zilikuwa zinapanda mlima mita nyingi, na radi za Buhigwe mnazijua wenyewe. Tena nilizipanga floti ziwe zimefunga saketi, mkondo ukipita, wakati wote, ili mbuzi akikata waya bodi ijue. Kwa usalama, huo ni mpango mzuri, na mpaka leo nautetea.

Kiangazi chote mambo yalikwenda vizuri. Mvua zikaanza. Siku moja mzee wa kamati ya maji akanipigia: "Fundi, mashine yako ikikosa jua siku mbili inazimia. Siku ya tatu akina mama wanashuka mtoni na ndoo."

Nilipanda. Nilifungua boksi nikitarajia betri mbovu. Betri ilikuwa nzima. Nikaweka mita kwenye waya mwekundu, nikasoma miliampea 80. Bodi imetulia, pampu imezimwa, hakuna floti inayosogea, hakuna tone linalopita, na betri inapoteza miliampea 80! Nikachomoa njia moja, ikashuka karibu 11. Ya pili, 11 nyingine. Nilipomaliza zote sita, mita ilisoma 15. Bodi yenyewe, na ubongo wake wote, ilikuwa inakula 15. Zile taa sita zilizofungiwa gizani, ambazo hakuna jicho la binadamu litakaloziona, zilikuwa zinakula 65.

Hesabu ya siku: miliampea 80 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.92. Betri ya asidi hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo una ampea-saa 3.5. Gawanya. Siku moja na saa ishirini hivi. Mzee wa kamati hakuwa na mita, lakini alikuwa ameshapima: siku mbili.

Mimi niliposanifu bodi ile nilijiuliza inakula kiasi gani pampu ikifanya kazi. Sikujiuliza: wakati kumetulia, inakula kiasi gani? Na ndugu zangu, kisima hutulia sehemu kubwa ya maisha yake. Kengele hutulia. Geti hutulia. Vitu vyetu vingi vinangoja kuliko vinavyotenda.

Nilifanya nini? Sikununua chipu mpya. Nilitoa resista za kilo-omu 1 nikaweka za kilo-omu 10. Mkondo wa kila LED ukashuka kutoka miliampea 10.8 hadi 1.08. Mtaniuliza, je, transista ya upande wa pili itafunguka kweli kwa taa hafifu namna hiyo? Jibu linategemea unaidai kiasi gani. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kila optokapla ina uwiano wake: ukitia mkondo huu kwenye LED, unapata mkondo gani kwenye transista. PC817 yenye herufi A ni kati ya asilimia 80 na 160, B ni 130 hadi 260, C ni 200 hadi 400, D ni 300 hadi 600. Hizo zinapimwa kwa miliampea 5. Ukishuka hadi 1, uwiano unapungua. Mimi nilikuwa na C. Upande wa pili resista inayoilisha transista (ya kuvuta juu) nikaiongeza hadi kilo-omu 47, kwa volti 3.3, kwa hiyo transista ilitakiwa kupitisha miliampea 0.07 tu. Hata uwiano ukiporomoka hadi asilimia 50, bado unapata 0.5, mara saba ya kinachohitajika.

Njia sita zikawa zinakula 6.5 badala ya 65. Jumla 21.5. Ampea-saa 0.52 kwa siku. Betri ileile, paneli ileile, na sasa bodi ingeweza kukaa karibu wiki nzima bila kuona jua. Gharama yake? Resista kumi na mbili na nauli ya kwenda Buhigwe.

Baadaye nikaenda hatua moja zaidi. Floti ya tangi haihitaji kuulizwa mara maelfu kwa kila sekunde. Maji hayapandi hivyo. Nikaweka optokapla ya saba inayofungulia volti 12 zile floti kwa milisekunde 5, mara moja kila sekunde. Bodi inauliza, inajibiwa, inazima. Hata kama ningerudisha LED zangu kwenye miliampea 10 kila moja, wastani wake ungekuwa chini ya nusu ya miliampea kwa zote pamoja. Hiyo ndiyo tochi ya mvuvi. Optokapla ileile ya zamani, imetoka kuwa karabai imekuwa tochi.

Kwa nini nimekaa sana kwenye kisima? Kwa sababu nasikia vijana wakisema optokapla imepitwa, tuitupe, tuagize aisoleta za dijitali. Nataka kwanza mjue kwamba asilimia kubwa ya ulaji wa optokapla ni mikono yetu sisi tulioichorea saketi.

Haya, sasa aisoleta.

Aisoleta ya dijitali inatenganisha pande mbili kama optokapla, lakini hakuna taa ndani. Kampuni ya Analog Devices inatumia transfoma ndogo mno, koili mbili zilizochapishwa ndani ya chipu na utando wa plastiki ya polimaidi katikati. Texas Instruments inatumia kapasita, na kizuizi chake ni oksidi ya silikoni, jamaa wa kioo. Ujumbe unavuka kwa sumaku au kwa uga wa umeme.

Na zinaongea kwa namna mbili tofauti, sikilizeni vizuri kwa sababu ulaji unatoka hapa. Namna ya kwanza: chipu inatuma mapigo pale habari inapobadilika tu. Kutoka chini (hakuna volti) kwenda juu (kuna volti), pigo. Kutoka juu kwenda chini, pigo la aina nyingine. Katikati, kimya, isipokuwa kila baada ya muda mfupi inatuma pigo la kukumbusha kwamba hali ni ileile. Ni yule mvuvi na tochi yake. Namna ya pili: chipu inapiga mawimbi ya kasi kubwa wakati habari ni "juu", na inanyamaza wakati ni "chini", au kinyume chake. Hiyo inakula zaidi katika hali moja kuliko nyingine. Na zote, ukiongeza kasi ya data, ulaji unapanda. Optokapla haiko hivyo: yenyewe haijali kasi, inajali imewaka au imezima.

Mfano. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni na kuzifuata nyumba za pembeni, niliombwa kusaidia kwenye kifaa kinachopima kina cha maji na kutunza rekodi. Sensa iko majini na betri yake, kebo ndefu, kisha boksi la kumbukumbu juu na betri yake. Data inakwenda na kurudi kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde. Aliyekitengeneza alitumia 6N137 mbili, optokapla za kasi. Ni chipu nzuri, inafika biti milioni 10 kwa sekunde. Lakini inataka LED yake ipewe miliampea 10 hivi, na juu ya hapo upande wa kupokea una kikuza chake kinachokula takriban miliampea 7 hata LED ikiwa imezimwa.

Waya wa data wa namna ile, wakati hakuna kinachosemwa, unakaa juu. Na saketi ilikuwa imechorwa LED iwake waya ukiwa juu! Kwa hiyo kifaa kinasema neno moja kila baada ya dakika kumi, na taa inawaka dakika zote kumi. Miliampea 17 kwa kila njia, njia mbili, 34. Kugeuza LED iwake waya ukiwa chini kulitosha kuondoa 20. Zikabaki zile 14 za vikuza, ambazo hakuna ujanja wa kuzizima ila kukata umeme wa chipu yenyewe.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba optokapla imefika mwisho wake. Tukaweka aisoleta, ADuM1201, ambayo kwa mwendo mdogo, kwa volti 5, haizidi miliampea 1.1 kwa kila njia. Kutoka 34 hadi kama 2. Na wenye kifaa kinachoishi kwa betri ndogo kabisa, zipo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo tu: ISO7041 imeandikiwa mikroampea chache tu kwa kila njia ikiwa imetulia, na mikroampea 15 kwa biti 100,000 kwa sekunde, kwa volti 3.3. Mikroampea, siyo miliampea! Weka 30 za njia mbili kando ya zile 34,000 tulizoanza nazo. Zaidi ya mara elfu. Kwa data, kwa mawasiliano yanayoendelea saa zote, mjadala umekwisha. Mimi siweki tena 6N137 kwenye kifaa kipya cha betri.

Kuna faida nyingine, na inahusu ulaji ingawa haionekani hivyo. LED inazeeka. Mwanga wake unapungua mwaka hadi mwaka, na joto linaharakisha. Fundi anayelijua hilo anaipa LED mkondo mkubwa tangu siku ya kwanza, ili miaka kumi mbele bado itoshe. Kwa hiyo leo unalipa umeme wa uzee wa kesho, na huo mkondo mkubwa wenyewe unaizeesha haraka zaidi. Aisoleta haina LED ya kuzeeka. Haidai akiba hiyo.

Je, basi tubadilishe kila kitu? Hapana. Hapana kabisa, na nitawaambia kwa nini.

Kijana mmoja niliyefanya naye kazi, hodari, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, alipewa bodi ya kengele ya chumba cha baridi cha samaki. Njia nne: mlango, joto, umeme kukatika, compresa kusimama. Swichi zote ziko wazi siku za kawaida. Zinafunga saketi kukiwa na tatizo. Bodi ilikuwa na PC817 nne. Akazitoa, akaweka aisoleta ya njia nne, ya kawaida, siyo zile za mikroampea. Nilipopima, ulaji ulikuwa umepanda. Umepanda! Akashangaa, maana alikuwa amesoma kwamba aisoleta inakula kidogo.

Aisoleta inataka umeme pande zote mbili. Optokapla haitaki: upande wa LED unalishwa na ishara yenyewe. Kule kwenye swichi hakukuwa na umeme wa kulisha chipu, kwa hiyo ilibidi aongeze kibadilishi kidogo cha umeme kilichotenganishwa, na kile peke yake, bila mzigo wowote, kilikula miliampea 18. Ongeza ulaji wa chipu, ukapita 20. Na zile optokapla nne za zamani zilikuwa zinakula kiasi gani wakati kumetulia? Swichi wazi, LED zimezimwa, transista zimefunga. Kivuli cha mkondo, nanoampea, kitu ambacho mita zetu hapa hazikioni. Karibu sifuri. Miezi na miezi ya sifuri, kisha dakika tano za miliampea 10 siku compresa iliposimama.

Tulizirudisha PC817 siku ileile.

Binti mmoja pale mlangoni ameniuliza kabla hatujaanza: "Mwalimu, umeme wa upande mmoja ukikatika, aisoleta inasema nini?" Swali zuri sana. Optokapla ikikosa umeme inazima, basi. Aisoleta ina hali inayoirudia umeme ukikosekana, juu au chini, na kwenye familia nyingi unanunua yenye kurudi juu au yenye kurudi chini, herufi moja tu mwishoni mwa jina inatofautisha. Ukiagiza isiyo yako, pampu inaweza kuwaka yenyewe upande mmoja ukifa. Soma jina lote, mpaka herufi ya mwisho, kabla hujatuma hela Dar.

Kwa mafundi wa chaja, neno fupi. PC817 ndani ya chaja inapeleka habari za volti kutoka upande wa kutoa kwenda upande wa umeme mkubwa, pamoja na TL431, chipu inayopima volti, ambayo yenyewe inataka angalau miliampea 1 ili ifanye kazi sawasawa. Chaja nyingi ndogo za sasa hazina kabisa optokapla. Zinasoma volti kupitia koili ya ziada ya transfoma. Ulaya tangu mwaka 2020 chaja ndogo hairuhusiwi kula zaidi ya wati 0.1 ikiwa imechomekwa bila simu. Kwa hiyo ukifungua chaja mpya usiione PC817, usidhani imeibwa. Lakini ukiiona, usiiruke kwa waya ili chaja iwake haraka. Nimeona imefanywa. Pale umemuunganisha mwenye simu na umeme wa ukutani.

Na bei? Optokapla ni mamia ya shilingi na ipo hapa soko la Mwanga, duka la tatu ukiingia. Aisoleta ni maelfu, na inakuja na basi kutoka Dar. Kwa bodi moja ya kisima, mimi bado ninaanza na kilo-omu 10. Kwa kifaa cha data, ninalipa hayo maelfu.

Muda umekwenda, na najua chai iko tayari. Bodi ya Buhigwe niliibadilisha mwaka jana kwa sababu nyingine, kwa hiyo ile ya zamani nimekuja nayo, iko mezani hapo kando na betri yake. Nimeirudishia resista za kilo-omu 1 kwenye njia tatu, na 10 kwenye tatu nyingine. Mita ipo, waya mwekundu umekatwa tayari na una klipu mbili. Kila mmoja aandike kwanza kwenye karatasi anachodhani itasoma, ndipo apime. Wanafunzi waanze.